Wakili wa Kijenge na Dada Yake

Gadiel, ambaye kijiwe cha kahawa cha Kijenge kilimbatiza Wakili kwa kuwa aliwahi kuwa shahidi wa kesi ya mbuzi, asubuhi hiyo alikuwa katikati ya hotuba. Habari ya mjini ilikuwa Namelok, yule binti mtengeneza filamu anayepigania haki za wanawake. Jumamosi anaonyesha filamu mpya, ya wanawake walionyimwa ardhi ya urithi.

"Mwanaume anayemdhulumu dada yake kihamba, shamba la urithi la baba yao," Gadiel akapiga benchi, "huyo si mwanaume, ni kupe! Katiba inasema!"

"Ibara ya ngapi?" akauliza Sadoki, aitwaye Spika kwa sauti yake.

"Zote!"

Romanus, wenyewe wanamwita Bando maana simu yake haiishiwi intaneti, akainua mkono. "Tulieni. Kuna kipande cha hiyo filamu kimetoka."

Vichwa vitatu vikakutana juu ya kioo. Akatokea mwanamke wa makamo kando ya migomba.

"Naitwa Anaeli, wa Maji ya Chai. Baba alituachia ekari mbili, mimi na kaka. Kaka hunipa mkungu mmoja wa ndizi kila Krismasi, anasema ndilo fungu langu. Yuko Kijenge. Watu humwita Wakili."

Kahawa ikampalia Gadiel.

"Wakili!" Spika akaruka. "Si ulisema kupe?"

"Nilisema kwa ujumla."

"Kwa ujumla una miguu mingapi? Kupe ana minane!"

"Jamani, mila zetu..."

"Mila ipi? Sasa hivi tu ulikuwa Katiba nzima!"

Gadiel alijaribu kucheka nao, ikashindikana. Kilichomchoma si kicheko. Ni kwamba Anaeli hakuonyesha hasira. Alitaja ule mkungu kama mtu anayetaja mvua. Mikono ya dada huyo ndiyo iliyomuuguza baba miaka minne, yeye Gadiel akifika kutoa maoni tu.

Akapiga simu, wenzake wakitega masikio bila aibu.

"Anaeli, nimekuona kwenye filamu."

"Nimependeza?"

"Umependeza. Aliyechukiza ni mimi." Akaweka kikombe chini. "Jumapili baada ya ibada nakuja na mwenyekiti wa kitongoji. Tupime nusu kwa nusu, tuandikishane."

Anaeli akajibu: "Upande wenye mfereji ni wangu."

Gadiel akafumba macho. "Wako."

"Na Namelok aje na kamera. Wewe nakujua."

Kijiwe kikalipuka kwa vifijo, Spika akiwashinda wote. "Aibu kubwa hii! Nendeni kokote, familia ya Sadoki ni safi!"

"Spika," Bando akasema, bado anaperuzi, "wameandika hapa sehemu ya pili inarekodiwa leo Elerai. Dada yako si anakaa Elerai?"

Sadoki alikuwa ameshapanda bodaboda ya kwenda Elerai, hata nauli hakuuliza.