Darubini ya Mbeya na Chupa Yangu ya Hamira

Jumatatu, 5 Machi 1956. Iringa.

Imefika! Darubini ya vijidudu, mpya kabisa, ndani ya sanduku la mbao, imelazwa kwenye majani makavu kama kuku anayeatamia. Si yetu. Ni ya Mbeya. Bwana Ezekia, mkuu wetu wa maabara hapa hospitalini, ameandika barua za kuiomba miaka sita. Mbeya hawana hata moja. Makohozi na damu za wagonjwa wao huletwa kwetu kwa basi, na majibu yanaporudi mgonjwa ama ameshapona, ama ameshazikwa. Leo alipofungua sanduku alitoa leso akapangusa kioo, kisha akapangusa macho. Nami nikapangusa yangu, ili anione.

Sasa habari yenyewe. Mmoja wetu atahamia Mbeya kuisimamia. Ama mimi, Muhidini, ama Philbert. Basi ni mimi. Philbert ana bidii tu, masikini, hana kingine.

Mtihani Jumamosi. Kila mtu alete vioo vitano vya kuwekwa chini ya darubini, kila kioo na kijidudu cha namna yake, aeleze ni cha kundi gani na kwa nini. Bwana Ezekia alirudia somo tangu mwanzo. Bakteria: kuna wa mviringo, kuna wa fimbo, kuna waliojipinda kama skrubu. Kuna ukungu wenye nyuzi. Kuna hamira. Kuna vinyama vya majini vinavyojitembeza vyenyewe. Akaonya kwamba sura peke yake hudanganya, tutazame kijidudu kimejengwaje, kinakula nini na kinazaanaje. Philbert aliandika yote. Mimi sikuandika hata neno. Mwenye kichwa hahitaji daftari.

Tena nina mpango wangu wa makundi, rahisi kuliko wake. Wanaokaa. Wanaotembea. Wanaochemka. Basi! Hata mtoto ataelewa.

Jumanne, 6 Machi.

Siku ya mafanikio. Asubuhi nilimwomba Philbert afungue kinywa, nikamwambia namwona ana jino bovu. Nilitaka ukoga wa meno yake. Akafungua bila kinyongo. Meno safi kama sahani! Nilikwangua nikaambulia mate. Ikabidi nijikwangue mwenyewe, na hapo nikapata bakteria wa mviringo tele, wamejazana kama watu sokoni. Nilijivunia. Bwana Ezekia alichungulia, akaniuliza huwa napiga mswaki lini.

Mchana, maziwa mgando ya Shangazi Mwanakhamisi, ambaye ninakaa kwake. Nilichota kijiko kibuyu kikiwa jikoni. Nikapaka kioo rangi ya zambarau, iodini, spiriti, rangi nyekundu, na hao hapo, fimbo za zambarau zimepangana. Wanaokaa.

Jioni nilishuka mtoni na chupa. Tone moja tu, na vinyama vinakimbia huku na huko. Kimoja kinahangaika kuliko wote, kinagonga kila kitu halafu kinageuka. Nimekiita Philbert.

Nina vitatu. Philbert, yule mtu, anavyo vinne. Ameonekana dukani akinunua hamira ya unga kwenye kopo.

Jumatano, 7 Machi.

Ukungu umepatikana: kipande cha mkate nilichokisahau mfukoni mwa kabuti tangu mwezi uliopita. Kumbe sikukisahau, nilikuwa nakifuga.

Imebaki hamira. Bwana Ezekia ametamka mbele yetu wote wawili kwamba hamira ya kopo imelala, haionyeshi kitu. Atakayemwonyesha hamira hai, inayochipua watoto ubavuni, huyo atamfurahisha sana. Nikamtazama Philbert. Alipauka.

Hamira hai! Katika Iringa hii, mwezi wa Machi, mianzi ikikatwa vichwa kila mahali na maji yake yakikingwa asubuhi na jioni! Ulanzi, pombe ya mwanzi. Mji mzima unachemka. Shida ni moja. Sisi ni watu wa Kilwa, babu alikuja huku na msahafu wake, na tangu hapo hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kuonekana hata akipita upande ule wanakouza ulanzi. Shangazi akisikia, nimekwisha.

Nikapanga mpango. Nilivaa kofia ya mvua ya bawabu wa hospitali na miwani ya Bwana Ezekia. Sikuona njia. Nilifika kwa Mama Rozalia, muuza ulanzi, nikakohoa kwa sauti nzito, nikasema natoka serikalini, napima vinywaji. Mama Rozalia alinisalimu kwa Kihehe, kamwene, mwanangu, shangazi yako hajambo? Kisha akasema hiyo miwani itanivunja shingo.

Lakini alinijazia chupa. Akaiziba kwa kishada cha majani, akakichomeka kilegelege. Majani! Nilipofika njiani nikayatupa. Bwana Ezekia naye ndivyo alivyo, kila chupa anataka izibwe kwa pamba. Wazee hawa hawajui kuziba. Mimi nimetafuta kizibo cha kweli, nikakigongelea kwa nyundo, nikakifunga kwa waya. Hata roho haitoki humo.

Chupa iko chini ya kitanda changu. Nina furaha.

Alhamisi, 8 Machi.

Chupa inaongea! Nililala kifudifudi sakafuni nikaisikiliza. Inanong'ona, tsss, tsss. Vijidudu wamefurahia nyumba yao. Nikakaza waya.

Philbert alikuja kuniuliza kama nataka kunakili daftari lake, hasa ukurasa wa hamira na ukungu. Mtego, bila shaka. Nilimshukuru nikakataa.

Shangazi ameuliza kwa nini nafagia chumba mwenyewe siku hizi. Nimemwambia ni mafunzo ya hospitali. Akaniombea dua, na nilijisikia vibaya kwa muda wa kama dakika mbili.

Ijumaa, 9 Machi.

Siku ilianza vizuri. Baada ya sala Maalim Mrisho, aliyenifundisha kusoma nikiwa na miaka sita, alikuja kwetu kula pilau. Tumeketi ukumbini. Shangazi yuko mlangoni na birika la maji ya kunawa. Maalim amenyoosha mkono kwenye sinia.

Mshindo! Kama bunduki. Kutoka chumbani kwangu.

Birika likaanguka. Shangazi akasoma aya zote anazozijua kwa pamoja. Mimi nilisema ni tairi la lori huko barabarani. Kisha harufu ikaingia ukumbini, polepole, tamu, chachu, ikaketi nasi kwenye mkeka. Nikasema ni dawa. Nikasema ni dawa ya hospitali niliyopewa niitunze, ya kikohozi. Shangazi alikuwa ananitazama tu.

Maalim alinusa mara mbili. Akachukua tonge lake, akalitafuna taratibu, akameza.

“Dawa hii naijua,” alisema. “Majirani zetu huinywa bila cheti.”

Halafu akaomba pilipili.

Shangazi alimsindikiza mgeni hadi mlangoni, kisha akanigeukia. Alipoanza, alianza tangu nilipozaliwa. Godoro langu limeanikwa uani, mbele ya watu, na nzi wote wa Iringa wako juu yake. Leo nalala mkekani. Nimeapa sitaingiza tena ndani ya nyumba hii kitu kile, na nitatimiza. Ya pili nitaiweka maabara.

Ndiyo, nimerudi kwa Mama Rozalia, safari hii bila miwani. Nilimweleza kwamba chupa yake ilikuwa mbovu. Akaniuliza niliizibaje. Nikamwonyesha kwa mikono. Mama yule alikaa chini kwenye kigoda, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Alipopumua akanishika mkono.

“Mwanangu, hii kitu iko hai. Uache ipumue.”

Nilimwitikia kwa heshima zote, kwani ni mtu mzima. Tatizo ni chupa, nimeshalifahamu. Ile ilikuwa nyembamba. Hii ni nene, ya soda. Nimeifunga kwa waya maabara, kwenye kabati.

Jumamosi, 10 Machi.

Naandika nikiwa mtulivu. Mambo yamekwenda vizuri, ukiyatazama kwa upande unaofaa.

Philbert alitangulia. Vioo vyake vitano vimepangwa mezani kwenye karatasi nyeupe, kila kimoja na kibandiko chake. Maandishi mazuri mno, ya kuudhi. Kisha mimi. Nilieleza Wanaokaa. Nilieleza Wanaotembea. Bwana Ezekia alikuwa anatikisa kichwa, sikujua kwa upande gani. Nikasema sasa mheshimiwa tazama Wanaochemka, nikaipandisha chupa mezani, nikafungua waya.

Kizibo sikukiona tena. Wanasema kimetoboa dari. Povu nililiona. Lilimpata Bwana Ezekia kifuani, likapanda usoni, likashuka mezani, likavizoa vioo vya Philbert vyote vitano na karatasi yake nyeupe. Darubini mpya ilikuwa bado sandukuni, pembeni, na Bwana Ezekia aliikingia mwili wake wote, mikono imetanda. Hakuangalia hata koti lake. Aliangalia sanduku.

Philbert akatazama kazi yake ya siku tano ikidondoka sakafuni. Nilitegemea atanitukana, nikawa tayari na jibu. Akaokota kitambaa, akaanza kufuta. Hapo niliona haya. Naandika kwa sababu hakuna mtu mwingine anayesoma.

Bwana Ezekia alichukua tone moja la povu kutoka kwenye tai yake, akaliweka kwenye kioo, akalipeleka kwenye darubini yetu ya zamani. Akatazama. Akaendelea kutazama. Tukadhani amelala. Kisha akatuita tuone. Wallahi ilikuwa nzuri! Vijiyai vidogo, vinene kuliko bakteria wote, vinang'aa, na kila kimoja kimebeba mtoto ubavuni, na mtoto naye amebeba mtoto. Kama mpungate wa miiba unavyochipua, jani juu ya jani. Hai kabisa. Bwana Ezekia alisema tangu aanze kazi hajaona hamira iliyoshiba kama hiyo.

Nikajiona niko Mbeya.

Akaniuliza: kundi gani? Nikajibu, Wanaochemka. Akauliza, kwa nini kizibo kimeruka? Nikajibu kwamba wamefurahi. Akamgeukia Philbert. Philbert, na povu nyusini, akasema hamira ni ndugu wa ukungu wa mkate, ingawa mmoja ni yai na mwingine ni uzi, kwani wamejengwa namna moja na hakuna kati yao mwenye rangi ya kijani ya mimea. Tena hamira inakula sukari ya mwanzi na kutoa hewa, na hewa ikikosa pa kupita itajitafutia.

Kwa hiyo Philbert anakwenda Mbeya.

Lakini! Bwana Ezekia alinishika bega. Alisema jicho langu la kutafuta ni zuri, kichwa ndicho bado. Darubini haiwezi kutupwa juu ya basi pamoja na mikungu ya ndizi, lazima mtu aipakate njia nzima mpaka Mbeya. Philbert ana mizigo yake. Mwenye kuipakata ni mimi. Mimi! Philbert anapelekwa tu. Mimi ndiye niliyekabidhiwa.

Jumatatu, 12 Machi.

Maandalizi. Shangazi amenisamehe, godoro limerudi ndani, amenikaangia maandazi ya safari na kunipa salamu za ndugu zake wa Mbeya. Philbert naye amenikabidhi daftari lake lote, anasema yeye ameshaliweka kichwani. Nimemshukuru, ni zuri kwa kukalia.

Bwana Ezekia alikuja mwenyewe kituo cha basi kuhakikisha siti. Aligonga sanduku polepole kwa vidole, kama mtu anayeaga mtoto. Akanipa furushi la pamba safi. Akaniambia nikibeba chupa yoyote ya kijidudu hai, sasa na siku zote, niizibe kwa hii, kwani pamba inazuia vijidudu vya nje na inaruhusu hewa ya ndani. Nimemwahidi.

Jumanne, 13 Machi. Ndani ya basi.

Tumepita Mafinga. Misonobari midogo imepangwa mistari, malori ya mbao, ukungu wa milimani. Baridi tamu. Philbert amelala, kichwa kinagonga dirisha. Sanduku nimelipakata, na sijawahi kujiona mtu wa maana hivi.

Jana usiku, kabla safari haijaanza, niliwaza jambo zuri. Mbeya hawana ulanzi kama wetu. Philbert atafundisha nini huko bila hamira hai? Basi mimi, bila kinyongo, nimemletea zawadi ya kuanzia kazi. Chupa kubwa, ya Mama Rozalia, iliyojazwa leo asubuhi. Itamliza kwa furaha. Bwana Ezekia naye akipata habari ataona kwamba kichwa kipo.

Makosa yangu nimeyachunguza moja moja, kama msomi. Chupa ya kwanza ilikuwa nyembamba. Ya pili waya ulikuwa mmoja. Hii ni nene, na waya nimezungusha mara tatu. Tena sikuiweka chini ya kitanda wala kwenye kabati. Nimeiweka mahali salama kuliko pote ndani ya basi hili: humu humu sandukuni, kwenye majani makavu, ubavuni mwa darubini.

Tangu Mafinga imeanza kuongea. Tsss. Barabara inawatikisa, wanafurahi mno. Philbert amefumbua jicho akauliza ni sauti gani hiyo. Nimemwambia ni injini, alale.

Sasa wamezidisha kelele, mpaka kuandika inakuwa shida. Bahati nzuri ninayo pamba ya Bwana Ezekia. Nimeitia masikioni. Kimya kabisa. Mbeya bado mbali, na mimi nina raha.