Chapati ya Muthurwa Haina Neno

Jumatatu, 5 Mei

Siku mbaya. Nimetoka kliniki na Ndanu, mke wangu. Daktari Adoyo anasema mwili wangu umekuwa sugu kwa insulini. Nikauliza kama hiyo ndiyo sukari. Akasema bado, ila iko njiani. Akaeleza kwamba insulini hubisha hodi ili chakula kiingie mwilini, na mwili wangu umeacha kuitikia. Nimeuelewa mwili wangu kabisa. Mimi pia siitiki kamati ya harambee ya kanisa ikibisha.

Habari njema: mambo haya hurudi nyuma. Nipunguze wanga, nitembee, nilale vizuri, tupime tena Agosti. Ndanu akamwomba daktari arudie hilo la kurudi nyuma. Akarudia.

Kaka yangu Mwanzia alianza hivi hivi, akapuuza. Mwaka juzi walimkata mguu. Naogopa. Basi, nimeshaandika.

Jioni Ndanu akatoa amri: hakuna chapati mpaka Agosti. Mimi! Chapati!

Jumanne, 6 Mei

Niliota chapati inashuka polepole kutoka darini. Laini, ya tabaka, yenye mvuke. Ikatua kifuani pangu, joto tele. Nikaamka. Ulikuwa mkono wa Ndanu.

Nimestaafu ukarani wa mahakama, kwa hiyo akili ninayo na muda ninao. Asubuhi nikajipenyeza hadi kibanda cha Asenath, hapa nyuma ya nyumba zetu Umoja. Asenath akaniona, akafunika chapati zake zote. Akasema Mama Kavinya, yaani Ndanu wangu, ameshapita. Akaniuliza kama ningependa sukuma wiki. Nikarudi nyumbani.

Jumamosi, 10 Mei

Mpango mpya: kununua mbali. Nilimwambia Ndanu natoka kwa matembezi ya afya. Uongo mtamu! Alifurahi mpaka akanipigia viatu brashi.

Matatu siwezi kupanda. Karani wa steji ni jirani yangu Gitonga, na hakuna asilomwambia Ndanu. Daktari Adoyo alimkuta naye na tatizo kama langu, na sasa Gitonga hukaa steji kutwa nzima na chupa ya maji ya ndimu, amenyoosha shingo, utadhani ndimu aliivumbua yeye. Nikaenda Buruburu kwa miguu. Nilifika nimelowa jasho, mate yamejaa kinywani.

Mwenye kibanda akanitazama. Akatazama simu. Akanitazama tena.

"Mzee, si wewe ndio yule wa kwa group?"

Kumbe Asenath ni mweka hazina wa chama cha wauza chapati. Picha yangu imetumwa kwa wote, ile ya harusi ya binti yetu Kavinya, nimevaa suti ya bluu nikicheka. Chini wameandika nisiuziwe, ni maombi ya familia. Nimerudi nyumbani kwa miguu, mikono mitupu. Nimelala saa mbili bila kutaka.

Jumatano, 21 Mei

Nimejaribu Makadara. Yule mama wa nje ya mahakama alikuwa akiniita mheshimiwa enzi zangu. Leo aliniita mheshimiwa, halafu akanipa mayai ya kuchemsha na kachumbari. Alisema chama kimeruhusu hayo tu. Nimeyala kwa hasira.

Lakini asubuhi ile! Ukungu ulikuwa umeketi juu ya Jogoo Road, taa za barabarani bado zinawaka, na mimi napita katikati nikiwaza. Niliiona chapati mbele yangu kila hatua, inakwenda nami haiishi, kama mwezi unavyomfuata mtu. Nilifika nikasikitika kidogo kwamba njia imekwisha. Sijui kwa nini naandika haya. Huenda ni njaa.

Ijumaa, 13 Juni

MUTHURWA! Nimevuka mpaka wa chama!

Ni mwendo, ndiyo. Nilitoka giza bado, nikapita Donholm, nikapita Makadara, miguu ikilalamika. Ndani ya soko, nyuma ya wauza vitunguu, kuna bibi mmoja aitwaye Wavinya ambaye simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, na haipokei picha ya mtu yeyote. Hupika chapati chache, na watu wa mikokoteni huzimaliza upesi. Nilipata moja tu. Moja, na bakuli la maharagwe.

Nikafumba macho. Kelele zote za soko zikaondoka. Nilikuwa mtoto, na mama alikuwa hai, na ilikuwa Krismasi.

Nilipofungua macho nilitaka nyingine. Bibi Wavinya akasema zimeisha, nirudi kesho, nikimbie kidogo.

Jumanne, 8 Julai

Naenda kila siku isipokuwa Jumapili. Narudi nimechoka, nakula kidogo, nalala fofofo. Suruali zangu zinateremka. Namshuku dobi.

Jana usiku nimeota hodi mlangoni. Kwa kawaida ningejificha. Safari hii nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema karibu. Akaingia mgeni mdogo, mpole, amebeba sinia, akauliza aiweke wapi. Nikamwonyesha. Nimeamka na furaha nyingi mno kwa mtu ambaye hajanywa hata chai.

Ndanu amewasimulia wanawake wa kanisa kuhusu matembezi yangu. Leo alinipaka miguu mafuta, polepole, kidole kwa kidole. Nilijua anamfikiria Mwanzia. Nami nilikuwa nikimfikiria.

"Hii miguu tutazeeka nayo, Baba Kavinya," alisema.

Nilitaka kumwambia ukweli papo hapo. Kisha nikakumbuka kwamba kesho Bibi Wavinya anapika mapema, nikamnyooshea mguu wa pili.

Alhamisi, 24 Julai

Hatari! Gitonga amechukua likizo ili atembee nami. Anasema tutiane moyo. Nani ameomba moyo wake?

Nikapanga kumchosha. Nikaongeza mwendo. Akaongeza. Nikaanza kukimbia ile mbio ya kujifanya sikimbii. Akawa ananieleza faida za ndimu, kisha akaeleza kwa vipande, kisha hakueleza tena. Tulipofika Donholm akaketi ukingoni mwa barabara na chupa yake. Akasema mimi ni mashine. Nikamwacha.

Kwa sababu ya mbio zile niliwahi. Bado chapati ilikuwa moja. Watu wa mikokoteni hawana huruma.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku ya majibu. Sikulala. Nilijua nitaumbuka, na mbaya zaidi, nilijua uso wa Ndanu utakavyokuwa. Njiani alinishika mkono tangu Umoja mpaka kliniki. Nimekula chapati karibu miezi miwili nyuma ya mgongo wa mwanamke huyu. Nilimwomba Mungu, kwa haraka, bila maelezo.

Daktari Adoyo akaisoma karatasi. Akaisoma tena. Akatabasamu! Mwili umeanza kuitikia. Sukari imeshuka, kiuno kimepungua, shinikizo la damu nalo limetulia. Akasema nikiendelea hivi hivi sihitaji vidonge. Ndanu akalia ndani ya leso yake, mabega yakitikisika, na mimi nikalia pia. Sioni haya. Nitakuwa na miguu yangu yote.

Daktari akauliza siri. Ndanu akamwambia kwa fahari kwamba natembea. Maskini mke wangu! Nusura nicheke.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeketi kitandani nikapima ushahidi, kama tulivyofanya mahakamani. Ni kitu gani nilichokula bila kukosa tangu Juni? Chapati. Ni nani aliyepona? Mimi. Kesi imefungwa.

Inanisikitisha jinsi nilivyoikosea dawa hii. Nilimeza dozi ya mtoto, moja tu kwa siku, kisha nikajichosha barabarani kiasi kwamba sijui ilifanyaje kazi. Ingekuwa nimetulia, ningepona Juni.

Gitonga amekuja jioni kuomba siri. Majibu yake hayakusogea sana. Nimemwonea huruma, nikamweleza yote. Ameimwaga ile ndimu kwenye mtaro na kuapa hatamwambia Ndanu. Tumepata kijana wa bodaboda wa kutuletea kutoka kwa Bibi Wavinya, nne mimi, nne yeye, na mayai ya kukaanga juu. Ndanu nimemwambia daktari amenishauri nipumzike.

Dozi ya kwanza inafika kesho saa moja, mpaka mlangoni. Kutembea nimeacha rasmi. Siwezi kuhatarisha afya niliyoipata kwa taabu hivi.