Pampu, Tangawizi na Safari ya Ujiji

Jumatano, 26 Novemba

Nina hasira tangu asubuhi. Sababu ni Lukumani, mtoto wa baba mkubwa, ambaye naishi naye hapa Chemchem kwa Bibi bila kuulizwa kama napenda.

Jumapili Shangazi Najiat anakuja kwa treni. Akirudi Ujiji atamchukua mmoja wetu akae naye likizo nzima. Mmoja tu. Amesema kwenye simu atamchukua anayejua kutunza vitu vya nyumbani. Mimi nimesoma njia ya zamani ya misafara kituo kwa kituo mpaka ziwani Ujiji, na sijawahi kuvuka Urambo. Lukumani anasema ziwa ni maji mengi tu.

Silaha yangu ni mashine ya kahawa ya espreso. Shangazi alimletea Bibi mwaka jana. Tangu siku hiyo imekaa juu ya kabati la sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake maua ya plastiki. Wageni huonyeshwa. Hakuna aliyewahi kuiwasha.

Leo nimeiwasha. Pampu imenguruma kama trekta. Maji, hata tone. Lukumani akauliza kwa upole kama inasaga na mahindi, maana ana debe moja.

Alhamisi, 27 Novemba

Nimesoma kijitabu cha maelekezo chote, hata kurasa za onyo. Pampu iliyokaa muda mrefu bila kazi huingiwa na hewa. Inanguruma bure, haivuti maji. Dawa yake ni kuisukumia maji kwa bomba la sindano.

Nimekwenda duka la dawa. Muuzaji akauliza mgonjwa ni nani. Nikasema pampu. Akanitazama sana, akauliza kama nyumbani wanajua nimekuja. Nilitamani ardhi inimeze.

Nimeng'oa tangi, nimesukuma maji kwenye tundu la chini, nimewasha. Sauti ikawa nzito. Halafu maji yakatoka! Nikamwita Lukumani aje aone. Kaenda kucheza mpira. Akitakiwa hayupo, asipotakiwa yuko mlangoni.

Ijumaa, 28 Novemba

Lukumani amelitoa dele la shaba, birika la kahawa la marehemu Babu. Amelisugua kwa majivu na ndimu mpaka linawaka. Atampikia Shangazi kahawa ya mkaa, yenye tangawizi na iliki. Bibi akasema, "Ewaa, mjukuu wangu, hapo sasa."

Nikampa Bibi kahawa ya mashine. Akaonja, akaweka kikombe chini. "Batuli, hii ni ya kunywa au ya kuoshea kidonda? Tangawizi yake iko wapi?"

Lukumani alitoka nje kucheka. Tulimsikia.

Jumamosi, 29 Novemba

Jibu nimelipata. Kijitabu kinasema maji ya kwenye tangi yawe safi. Hakisemi popote kwamba yasiwe na tangawizi. Nimetwanga tangawizi na iliki kwenye kinu, nimekoroga na maji, nimejaza tangi.

Kikombe cha kwanza Bibi amekimaliza, akaomba kingine. Nimemnyima, kwa heshima. Nimeacha tangi limejaa ili maji yakolee mpaka kesho. Lukumani akaomba aonje. Nikamwambia ataonja nikiwa kwenye treni.

Jumapili, 30 Novemba

Shangazi amefika. Tukampa shikamoo, akaketi. Nikabonyeza kitufe mbele ya watu wote.

Pampu ikanguruma, ikakohoa, ikanyamaza.

Mimi huwa siongei mbele za watu. Leo nimeongea. Nimesema Lukumani ameihujumu mashine, na kwamba ni mtu wa wivu tangu darasa la kwanza. Akaapa kwamba hajaigusa. Shangazi akafungua tangi mwenyewe. Chini kulikuwa na tope la tangawizi, na nyuzi zake zimeziba tundu la pampu. Akauliza nani ameweka. Bibi akatazama maua yake ya plastiki.

Lukumani akamimina kahawa kutoka kwenye dele. Akaleta na kashata. Shangazi akanywa, akaongezwa, akaongezwa tena.

Baadaye akaniita pembeni. "Mwanangu, pampu inataka maji. Maji matupu. Umenielewa?" Nikasema nimeelewa. Akasema ataamua Jumatano kabla ya treni. Lakini alikuwa anamtazama Lukumani.

Jumatatu, 1 Desemba

Lukumani ameshaanza kupanga nguo kwenye begi. Anapanga polepole, mlango wazi, ili nione. Sijawahi kumchukia mtu hivi.

Nimeosha tangi, nimezibua tundu, nimesukuma maji kwa sindano. Pampu imefufuka. Nikakaa nikafikiri vizuri. Shangazi ni mtu mzima na namheshimu, ila hajasoma kijitabu. Kosa halikuwa kuweka kitu kwenye maji. Kosa lilikuwa nyuzi.

Asali haina nyuzi.

Bibi ana dumu la asali kutoka Sikonge, nzito, nyekundu, anayoificha chini ya kitanda. Nimeichuja kwa khanga yake mpya, mara mbili, kwa uangalifu wa kisayansi. Sikuichanganya na maji, isije ikapungua utamu. Tangi limejaa mpaka juu. Kesho asubuhi Shangazi atabonyeza kitufe kwa mkono wake.

Begi langu nimeshalifunga.