Mkate wa Kima Usiolala Tumboni

Jumatatu, 6 Julai 1936

Leo naanza kuandika. Herufi nilifundishwa na karani wa meli, zamani za Mjerumani, akahamishwa tukiwa katikati. Kwa hiyo maneno mengine yatakwenda upogo. Si kitu. Hasomi mtu.

Habari kubwa: Wilhelmina anataka kuondoka!

Wilhelmina ni jirani yangu hapa Mirongo, Mwanza. Mjane, mshonaji. Akicheka, hata kuku wangu wanaacha kuparura. Tangu ile homa ya masika tumbo lake limekuwa bovu, na dresa wa hospitali amempiga marufuku mafuta. Kaka yake, Bonifasi, anakuja Jumamosi kumchukua ampeleke kwao Nansio, kisiwani, akatunzwe. Jumapili chombo kinaondoka.

Jioni tulipita dirishani kwa Bachubai, mjane wa Noorali wa dukani. Mama huyu anauza mkate wa kima. Nieleze vipi? Mkate mdogo wa duara, umepasuliwa, ndani nyama ya kusaga iliyokaangwa kwa samli mpaka samli inamteremka mlaji hadi kwenye kiwiko. Mimi niliiona treni ya kwanza ikiingia Mwanza. Niliona ndege ikitua majini. Mkate wa kima bado ni wa kwanza.

Wilhelmina alisimama, akafumba macho, akavuta ile harufu kama mtu anayesali. Akasema, mtu akinipikia mkate wa kima usionilalia tumboni, Nansio siendi kukaa ng'o. Akacheka.

Mimi sikucheka. Kwa bahati mbaya Luhaga alikuwa nyuma yetu. Naye hakucheka.

Luhaga ni askari mstaafu. Anavaa vifungo vya shaba mpaka kwenda chooni. Anamtaka Wilhelmina. Mimi pia namtaka, ila mimi nampenda. Yeye anatafuta wa kumsugulia vifungo.

Jumanne, 7 Julai

Nimeanza kazi. Akili iliniambia: uzito ni mafuta, basi toa mafuta! Nikanunua nyama ya ng'ombe. Nikaichemsha, nikaengua mafuta, nikachemsha tena, nikaifikicha kwenye maji ya moto kama nafua shati. Nikatwanga kinuni. Nikakaanga kwenye kikaango kikavu, bila samli hata ya kulamba.

Nikapata unga wa mbao.

Nilimwonjesha Odeta, jirani wa upande wa pili, binti wa kwaya, mwenye adabu kupita kiasi. Alitafuna. Akatafuna. Akaomba maji. Akasema, shikamoo babu, ni nyepesi kweli, nimepiga chafya ikatoka yote.

Marahaba, nikasema. Nenda zako.

Jumatano, 8 Julai

Nimechungulia kwa Luhaga kupitia ua wa mabua. Anapika choroko! Anaziponda, anazitia kitunguu, anazifinyanga kama nyama, anazibana ndani ya mkate. Askari mzima! Kisha akavaa vifungo vyote akampelekea Wilhelmina.

Nilimngoja Wilhelmina pale penye cherehani yake. Nikamuuliza ilikuwaje. Alisema, nzuri, kwa choroko. Mwanamume mwenye masikio angesikia mlango ukifungwa hapo. Luhaga alisikia neno moja tu, nzuri, akapita barabarani akipiga mguu kama yuko gwaride.

Lakini leo nami nimegundua jambo. Mkate! Nimeupasua, nimeukwangua ndani kile kiini laini chote, nimebakiza ganda. Nimeligeuza juu ya makaa mpaka likawa na rangi ya asali. Ukiligonga linalia! Ukilishika huna kitu mkononi! Nilikaa nikilitazama mpaka chai ikapoa. Nani angefikiri kwamba ndani ya mkate wa kila siku kuna mkate mwingine, mwembamba, unaongoja atakayeupunguzia mwili?

Sasa nataka nyama ya kufanana nalo.

Alhamisi, 9 Julai

Nimeipata!

Nilikwenda mwaloni, wanapoteremsha samaki. Sato, ningu, furu, hao nawajua. Pembeni mvuvi mmoja alikuwa na kamongo, mrefu kama mguu wangu, yuko nchi kavu tangu alfajiri na bado anahema. Anahema! Samaki! Nilichuchumaa mbele yake. Mvuvi akanieleza kwamba maji yakikauka huyu bwana anajichimbia topeni, anajikunja, anasubiri mvua hata miezi. Hali, hanywi, hamnung'unikii mtu. Mimi nikikosa chai ya asubuhi mtaa mzima unajua.

Nimezeeka kando ya ziwa hili nikidhani nimelimaliza. Leo nimejiona mtoto.

Mvuvi akampasua. Ndani: nyama nyekundu! Nyekundu kama ya ndama, imekaza, haina utando wa mafuta. Nywele zilinisimama. Hii ndiyo!

Najua wanawake wengi wa huku hawamli kamongo. Wamelelewa hivyo. Lakini huyu atasagwa. Akishasagwa hana sharubu, hana mkia, ni kima tu. Nitamwambia Wilhelmina tukishazaa matunda ya ndoa, yaani tukishazeeka zaidi ya hapa.

Ijumaa, 10 Julai

Kinu hakifai kwa kamongo, anarudi nyuma kama mpira. Nilihitaji mashine ya Bachubai, ile ya chuma iliyobanwa kwenye meza. Nimeitamani siku nyingi. Unatia nyama juu, unazungusha mpini, na mbele inatoka imekuwa nyuzi nyuzi. Ng'ombe anaingia, tambi zinatoka!

Bachubai hasagi samaki. Kwa hiyo nilimchuna kamongo, nikamkata vipande, nikavifunga kwenye jani la mgomba, nikasema, mama, naomba unisagie nyama ya ndama. Alifungua jani. Akanusa. Akanitazama. Akauliza, mzee, huyu ndama alikuwa anachungwa na nani, mamba?

Nikamweleza yote. Alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. Akaniruhusu, kwa sharti nioshe mashine kwa ndimu na majivu mpaka atakaponusa yeye mwenyewe aridhike. Nikaosha mpaka mikono ikachubuka.

Wakati natoka akauliza, je, umemuuliza Wilhelmina kama anamla? Nikamjibu, mama, ukimuuliza mtu, siyo zawadi tena, ni mkutano.

Jioni nilipika kwa majaribio. Kitunguu, tangawizi, binzari, nyanya, ndimu mwishoni. Mafuta sikutia. Nikabana ndani ya lile ganda la mkate. Nikauma.

Niliketi chini. Sakafuni. Ladha ya kima ipo, moto wa tangawizi upo, utamu upo, na uzito haupo! Umekwenda wapi? Ni kama kula harufu. Machozi yalinitoka, na sikuyalaumu.

Kesho namualika Bonifasi kwa chakula cha mchana, pamoja na dada yake. Nikimaliza naye, ataniomba nimuoe dada yake.

Jumamosi, 11 Julai

Mambo yameharibika. Nitaandika hivyo hivyo.

Walikuja. Bonifasi ni pande la mtu, rozari shingoni, sauti ya ngoma. Wilhelmina kavaa kitenge kipya. Luhaga naye akaja, bila kualikwa, eti amesikia harufu. Nikaleta sinia. Mikate imepangwa, inang'aa. Wilhelmina alipoiona akashika kifua. Akaniuliza, kweli, Mzee Malimi, kima? Nikasema, kima, na hakitakulalia. Alinitazama kwa macho ambayo sijatazamwa nayo tangu marehemu mke wangu.

Ndipo Bonifasi akainua mkono. Akasema, mzee, mtu akila nyumba ngeni asema mwiko wake kwanza, ndivyo tulivyofunzwa. Sisi ukoo wetu hatugusi kamongo.

Sinia ilikuwa mikononi mwangu.

Akasimulia. Bibi wa bibi yao alikuwa mtoto mchanga. Mtumbwi ukapinduka kati ya kisiwa na bara, watu wakazama. Kamongo mmoja mkubwa akapita chini ya yule mtoto, akambeba mgongoni, akamsogeza taratibu mpaka kwenye matete, na huko akakutwa asubuhi, analia, mzima. Wote wametoka kwake. Tangu hapo hakuna wa ukoo wao amlaye kamongo, wala kukanyaga ngozi yake. Wilhelmina alikuwa akiitikia kwa kichwa, macho yamelowa.

Sijawahi kusikia habari nzuri kama hii. Nilisimama mdomo wazi, nimemsahau hata Luhaga, na mkononi mwangu mwokozi wa ukoo mzima amekaangwa na tangawizi.

Bonifasi akauliza, na hii, mzee, nyama gani?

Kusema kweli ningempoteza Wilhelmina. Kunyamaza, wangekula. Mkono wake ulikuwa tayari unakuja. Nikaivuta sinia. Nikasema, ngojeni, kwetu mwenyeji huonja. Nikala mmoja wote. Nikasema, chumvi sina hakika nayo. Nikala wa pili. Nikasema, tangawizi labda imezidi. Nikala wa tatu.

Luhaga akasema, Mzee Malimi, unaonja au unavuna? Akanyakua mmoja, akaumeza. Kwao hakuna mwiko wa kitu chochote, hata aibu. Akafungua macho makubwa.

Mimi niliendelea. Nilikula nikiwa nimesimama, nikiwageuzia mgongo, jasho likinitoka. Nikala mpaka sinia ikabaki tupu, kisha nikailamba, chembe isije ikabaki. Nilipogeuka Bonifasi ananitazama kama ameona kiboko amevaa kanzu. Akamwambia dada yake maneno ya Kikerewe. Sikielewi, lakini kidole chake kilikuwa kinaelekea kwenye tumbo langu.

Wageni nimewapa chai na michembe, viazi vikavu vya juzi. Waliondoka mapema. Wilhelmina hakuniaga.

Na tumbo langu? Jepesi! Sinia nzima na ningeweza kupanda mlima! Nimetengeneza mkate wa kima mwepesi kuliko wote chini ya mbingu, na yule niliyemtengenezea hawezi kuuonja mpaka anaingia kaburini.

Jumapili, 12 Julai

Nilikwenda gatini kumwona akiondoka. Nilijificha nyuma ya marobota ya pamba. Nilidhani nimejificha vizuri.

Akaja moja kwa moja. Alijua. Jana jioni alikwenda kumuaga Bachubai, naye akamuuliza, vipi, yule ndama wa ziwani ulimwonaje? Loo! Alinisema, Wilhelmina! Alinisema mbele ya makuli, mbele ya pamba, mbele ya ziwa. Kwamba nilitaka kumlisha mama wa mama zake. Kwamba neno moja, neno la mtoto, unakula nini na huli nini, limenishinda mtu mzima mwenye mvi. Niliangalia vidole vyangu vya miguu. Vilikuwa na hatia.

Kisha akasema, lakini uliila yote.

Nikasema, ndiyo.

Akasema, ukakubali kaka yangu akuone mlafi.

Nikasema, na sinia nililamba.

Hapo akacheka. Makuli walitua mizigo. Akasema ameimbiwa, ameletewa vitenge, ameletewa choroko, lakini mwanamume wa kujivunjia heshima namna ile, kinywa kimejaa, ili watu wasivunje mwiko wao, huyo hajawahi kumwona. Anakwenda Nansio kuwaambia wazee, Jumamosi anarudi. Anarudi! Bonifasi hajui habari ya kamongo wala hatajua. Dada yake amemwambia nina minyoo, nahitaji wa kunitunza.

Yeye ni Mkatoliki na mimi si kitu chochote, kwa hiyo amemwomba Padri aje kwangu Ijumaa aone kama nafundishika. Padri akikataa, hakuna ndoa. Na sharti moja la kwake: nisimpikie tena mgeni bila kumuuliza anakula nini. Niliapa. Niliapa kwa mikono miwili, mmoja nikaushika mkono wake.

Chombo kilipoondoka nilikitazama mpaka kikawa kama nzi. Ziwa lilikuwa limetulia. Nikajiuliza mgongo upi huko chini umembeba nani leo. Nikavua kofia.

Alhamisi, 16 Julai

Kesho Padri! Nimelifikiria sana kosa langu, na nimeliona. Kosa lilikuwa samaki.

Samaki ana mambo mengi. Ana ukoo, ana historia, ana watoto wachanga mgongoni. Kwa hiyo Padri simpi samaki kabisa, hata sato. Nampa ng'ombe! Nani ana ugomvi na ng'ombe? Majirani Mabaniani tu, na Padri si Baniani. Nimenunua steki isiyo na mafuta, Bachubai amenisagia, maganda ya mkate nimeyachoma tayari. Mikate ya kutosha, maana Padri anapanda kilima na kushuka.

Odeta alipita akaona nyama. Akauliza mgeni ni nani. Nikamwambia ni Padri, kesho Ijumaa. Akashika kichwa. Akaanza, babu, Ijumaa, nyama, kwa Wakatoliki ni mwi... nikamkatiza hapo hapo. Watoto wa siku hizi! Mtu hajaolewa anataka kunifundisha mimi jiko.

Na kiapo nakikumbuka sana. Padri nitamuuliza anakula nini na hali nini. Nitamuuliza vizuri, kwa heshima, akishashiba.