Mahali pa Kumweka MAMA_MKWE

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku kubwa! Mkuu wa kitengo ametangaza kwamba mwisho wa mwezi anahamia makao makuu. Chumba chake kinabaki wazi. Dirisha moja, kabati la vitabu, kiti kinachozunguka bila kulia. Na mlango. Mlango wenye kitasa cha kufungia kwa ndani. Najua kinafunga vizuri kwa sababu nilikijaribu Mkuu akiwa likizo.

Sisi waandishi wa programu tuko tisa katika ukumbi mmoja, meza zimegusana. Nikipiga chafya napewa pole pande tatu. Nyumbani nilikuwa na chumba kidogo cha nyuma, mimi na kompyuta yangu ya zamani, mpaka mama mkwe alipokuja mwezi wa nane kutibiwa macho. Wiki mbili tu, mke wangu alisema. Macho yamepona. Sasa anaona kila kitu, na bado yupo. Shajara hii naiandikia juu ya mashine ya kufulia nguo. Mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, sina mlango wangu mwenyewe popote duniani.

Mkuu alisema chumba atakipata atakayemrithi, na atakayemrithi ni mtu ambaye kazi haiendi bila yeye. Maneno yake hayohayo, nimeyanakili nyuma ya bahasha. Wote wakageuka kumtazama Bi Taratibu. Huyu ni mwenzetu wa meza ya kona, mama wa makamo, ambaye kabla ya kubonyeza chochote hukitazama kwanza kwa nusu dakika. Jina tulimpa sisi. Analijua na halimkeri, jambo ambalo mimi linanikera sana.

Nimeshapata njia.

Jumanne, 7 Oktoba

Niieleze njia yenyewe. Siku moja watu watataka kujua ilivyoanza.

Kila programu yetu ina faili lake la maagizo, liitwalo makefile. Ni kama karatasi ya mpishi: chukua hiki, unganisha na kile, ikishaiva kaiweke pale. Tuna programu kumi na moja, kwa hiyo makefile kumi na moja, na maagizo ni yaleyale yamerudiwa mara kumi na moja. Upuuzi mtupu! Nimependekeza faili moja la pamoja. Kila makefile itaanza na mstari mmoja wa kuliita faili hilo, na mambo yote ya kujenga programu na kuisakinisha, yaani kuiweka kwenye kompyuta ya mtumiaji, yatatoka humo.

Mkuu akasema ni wazo zuri. Bi Taratibu naye akasema ni wazo zuri, akaongeza kwamba yeye alilileta mwaka juzi. Mimi sikumbuki. Huenda siku hiyo nilikuwa nawaza mambo makubwa zaidi.

Wasichokijua ni hiki: anayeshika faili la pamoja amewashika wote. Faili langu litaita la pili, la pili litaita la tatu, hivyo hivyo mpaka la tano. La tano ndilo lenye siri, yaani mahali ambapo programu ikisakinishwa itawekwa. Na la tano litakaa kwenye kompyuta yangu mimi tu! Wajenge watakavyo. Ikifika kusakinisha, watakwama, watakuja mezani kwangu mmoja mmoja wakiwa wapole.

Mahali hapo panahitaji jina. Wengine huandika majina makavu. Mimi nimepaita MAMA_MKWE, maana ni mahali ambapo vitu vikishaingia havitoki.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimemaliza mafaili yote matano kabla ya chakula cha mchana. Mkuu ameamuru makefile zote kumi na moja ziongezwe mstari wa kuliita langu, na zimeongezwa. Keshokutwa anakuja mkutubi mkuu wa maktaba ya mji kuangalia mfumo wa kuazimisha vitabu tuliomtengenezea. Mkuu mwenyewe atausakinisha mbele yake, kwenye kompyuta ya chumbani kwake. Mungu ananipenda.

Bi Taratibu alikuja na maswali. Alikuwa ameyasoma mafaili yangu, yale manne anayoyaona. Nani anasoma mafaili ya mwenzake? Akauliza kwa nini mstari unaoliita faili la tano una kistari mbele yake. Kistari hicho, kwa asiyejua, huiambia kompyuta kwamba ikilikosa faili inyamaze na iendelee. Bila kistari ingetangaza hadharani kwamba faili la tano halipo, na siri yangu ingekuwa nje. Nikamwambia ni adabu tu.

Akauliza itakuwaje hilo jina MAMA_MKWE likiwa tupu, kwa sababu ameona chini kuna amri ya kusafisha, yaani kufuta, kila kilichomo ndani ya MAMA_MKWE kabla ya kuweka kipya. Nikamwambia haliwezi kuwa tupu. Akauliza tena. Nikamwambia mama mkwe wangu namjua mimi. Akaitazama skrini yangu kwa nusu dakika, akarudi kwenye kona yake, akatoa diski ndogo nyeusi kwenye mkoba. Wivu ule unamtafuna.

Jioni, mezani, nilikuwa na furaha mpaka ikanimwagika. Nikatangaza kwamba chumba cha nyuma sikihitaji tena, mama akae humo atakavyo, mwaka, miaka, kwa sababu mimi kazini napata changu chenye mlango. Mke wangu aliacha kutafuna. Akauliza kama nimeshapewa. Nikasema ni suala la siku mbili.

Mama mkwe akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mwanangu," akasema, "miaka kumi na tano nakudhania vibaya."

Nilifarijika, ingawa baadaye, nikiwa naosha mikono, nilijiuliza alikuwa ananidhania nini.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mkuu alikuwa kikaoni asubuhi, nikapata nafasi ya kuingia chumbani kupima dirisha kwa ajili ya pazia. Nimepima kwa mikono: viganja tisa kwa kumi na viwili. Kugeuka, namwona Bi Taratibu ameketi kwenye kompyuta ya Mkuu, ile diski nyeusi imechomekwa. Alikuwepo muda wote. Akasema Mkuu amemruhusu anakili kila kitu, tahadhari tu. Kisha akauliza mimi napima nini. Nikasema joto. Akaniangalia kwa nusu dakika.

Nilicheka moyoni. Anahangaika na nakala wakati mimi najenga himaya.

Nyumbani nilikuta gari la mizigo mlangoni. Mama mkwe hakungoja. Ameagiza vitu vyake vyote: kitanda cha mninga, cherehani, masanduku matatu, na kabati la nguo lenye kioo, refu kuliko mimi. Kabati lilikataa kuingia chumba cha nyuma. Fundi seremala akapima, akakuna kichwa, akasema haliwezi mpaka mlango ung'olewe pamoja na fremu yake. Ukang'olewa. Kabati likaingia. Fundi akasema sasa mlango haurudi, labda ubomolewe ukuta.

Mama mkwe akasema hakuna shida, atatundika pazia, yeye hana siri. Mlango umeegemezwa ukumbini, karibu na viatu. Mke wangu aliniuliza tena, kwa sauti ya chini, kama nina hakika na hicho chumba cha kazini. Nikamwambia alale usingizi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Mkutubi alifika saa nne. Mama mpole, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Akakalishwa chumbani kwa Mkuu, kwenye kile kiti kisicholia. Mimi nikabaki mezani kwangu, faili la tano ndani ya flashi, flashi ndani ya mfuko wa shati, nywele nimezichana mara mbili. Mpango ulikuwa mwepesi. Mkuu atatoa amri, kompyuta itakosa pa kuweka, itakwama, nitaitwa, nitaingia bila haraka, nitaokoa jahazi.

Nikasikia vitufe vikibonyezwa. Kisha kimya. Kisha Mkuu akaniita kwa majina yangu yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Moyo ukanidunda kwa furaha!

Niliingia nikakuta skrini nyeusi tii. Mkuu ameinua mikono yote miwili juu ya kibodi kama aliyegusa pasi ya moto. Mkutubi akauliza kwa upole kama huo ndio mfumo wenyewe. Akasema anaupenda, hauna mambo mengi.

Nilikuja kuelewa baadaye, nikiwa nimeegemea ukuta. Faili la tano halikuwepo kwenye kompyuta ya Mkuu, kama nilivyopanga. Kistari kikaifunga mdomo, kama nilivyopanga. Lakini haikukwama! Jina lisipokuwa na kitu ndani yake, kompyuta hailalamiki, inalichukua kama hewa na kusonga mbele. Ikaambiwa isafishe kila kilichomo ndani ya MAMA_MKWE, MAMA_MKWE si mahali popote, basi ikaanza kusafisha kila mahali. Na kwa kuwa kusakinisha kunahitaji ruhusa zote, haikubisha hodi hata mara moja. Barua za Mkuu. Ripoti ya mwaka. Hotuba yake ya kuaga, kurasa saba. Mfumo wa maktaba wenyewe.

Nikatoa flashi mfukoni nikasema nilijua tu mtanihitaji. Ndiyo, nilisema hivyo. Sentensi hiyo nilikuwa nimeifanyia mazoezi tangu Jumatano, ikatoka yenyewe.

Bi Taratibu akaingia na diski yake nyeusi. Ilimchukua saa mbili. Kila kitu kikarudi, hata hotuba. Mafaili yangu akayaweka pembeni, akasakinisha mfumo kwa makefile ya zamani, ukakubali mara moja. Mkutubi, aliyekuwa ameshakunywa vikombe vitatu vya chai, akauona, akaridhika, ingawa alisema ule wa kwanza ulikuwa rahisi zaidi kwa wazee.

Mkuu akanivuta kando, karibu na dirisha langu la viganja tisa.

"Nilisema namtaka mtu ambaye kazi haiendi bila yeye," akasema. "Kazi yako wewe haiendi hata ukiwepo."

Nimeumia. Siku zote humu najikaza, lakini leo naandika wazi kwamba nimeumia. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Mama mkwe akanifungulia, akaniuliza chumba kipya kina nafasi ya kutosha. Nikamwambia kinatosha sana.

Jumatatu, 13 Oktoba

Bi Taratibu ndiye mrithi. Imetangazwa saa tatu, watu wakapiga makofi, nami nikapiga, tena kwa nguvu kuliko wote ili ionekane.

Ameandika faili jipya la pamoja. Moja tu, mistari ishirini. Mahali pa kusakinisha pameandikwa juu kabisa, kila mtu anapaona, na chini yake kuna mstari unaosema kwamba jina likiwa tupu kazi isimame na sababu itajwe. Amelibandika ukutani na maelezo yake. Hadi saa sita watu wanne walikuwa wamesakinisha programu zao bila kumuuliza mtu. Nikamfuata Mkuu, kwa heshima, nikamkumbusha maneno yake ya kwenye bahasha: sasa kazi inaenda bila Bi Taratibu, je, kwa kanuni hiyo chumba si kinakosa mwenyewe? Alinitazama muda mrefu. Naona wameanza kuambukizana.

Na Bi Taratibu chumba chenyewe hakitaki! Amesema atabaki kwenye kona yake aliyoizoea. Chumbani kutawekwa printa na birika la chai la watu wote, na mlango utaachwa wazi, umezuiwa kwa boksi la karatasi. Nilipita mara tatu kuutazama. Boksi lenyewe limechanika pembeni.

Nyumbani ilibidi niseme ukweli. Mke wangu alicheka kwanza, kisha akaona uso wangu, akaacha, akanimenyea chungwa. Mama mkwe alisikia yote kupitia pazia. Akatoka, akaenda mpaka ukumbini, akaupiga piga ule mlango ulioegemezwa kama anayepiga bega la ndugu.

"Huu chukua wewe, baba," akasema. "Ulitaka mlango, si ndio huu."

Alisema kwa moyo mmoja, hakuwa ananicheka. Basi mlango ninao. Nimeulaza juu ya mashine ya kufulia na masanduku mawili ya mama, umekuwa meza nzuri sana. Ndipo naandikia. Kitasa kinanichoma kidogo kiwiko cha kulia.

Kilichotokea nimekitafakari kwa utulivu, kosa lilikuwa wapi. Halikuwa kwenye wazo. Wazo lilikuwa safi. Nimelisoma faili la Bi Taratibu lililo ukutani, mistari yote ishirini, na nimegundua kwamba mstari wa kumi na nne unakubali kuita faili jingine. Amejisahau! Kesho nitaandika la sita, dogo tu, likae kwangu. Jina nimeshapata, litaitwa BI_TARATIBU, nani atalishuku?

Na kistari kimoja hakikutosha. Safari hii nitaweka viwili.