Jina Kwenye Kichomeo cha Gesi

Jumatatu, 3 Juni
Siku ya wageni shuleni ni Ijumaa. Mwalimu wa kemia kanipa kazi ya kuandaa bango la historia ya kichomeo cha gesi. Mimi, mtunza maabara! Nimesoma kitabu chake mpaka chai ikapoa. Kumbe kichomeo kina jina la profesa, lakini aliyekichonga ni fundi wa chuo. Fundi katajwa mara moja, kwa herufi ndogo, chini ya ukurasa. Nimeumia. Jioni alipoona kazi yake imepewa jina la mwingine, alimwambia nini mkewe? Miaka kumi na tisa naosha mirija ya majaribio ya watu wengine. Najua uchungu wake.

Jumanne, 4 Juni
Wazo! Pete ya kichomeo, ile ya kuongeza na kupunguza hewa, huunguza vidole ukiizungusha. Nitaitia kishikio cha mbao. Bango litakuwa na profesa, fundi wake, halafu mimi. Nikamweleza shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye karakana ya vyuma. Akakuna kidevu, akasema mbao itaungua. Nikamwambia asinivunje moyo.

Jumatano, 5 Juni
Mbao imeungua. Na nyusi yangu ya kushoto. Mwalimu wa kemia kacheka hadi akashika meza. Mke wangu hakucheka. Aliniuliza kwa upole kama haitoshi yeye na watoto kunijua.

Alhamisi, 6 Juni
Shemeji kaja bila kuitwa. Kaacha kazi za wateja, kachonga pete mpya yenye kishikio cha waya uliosokotwa. Moto ukawaka robo saa nzima. Nikashika kwa vidole vitupu: baridi! Nusura nilie. Nikamshukuru, nikakimbilia bango.

Ijumaa, 7 Juni
Ukumbi umejaa. Mkuu wa shule kasoma bango kwa sauti. Profesa, mstari mmoja. Fundi aliyedhulumiwa, mistari kumi na miwili. Kisha mvumbuzi wa kishikio kisichounguza, yaani mimi. Makofi! Shemeji alikuja na shati lililopigwa pasi. Kalisoma bango mara mbili, kidole chini ya kila mstari.

“Shemeji, mimi niko wapi hapa?”

Nikamweleza kwamba nafasi iliisha, na kwamba kitu ni wazo, kuchonga ni kuchonga tu. Akaondoka bila kuaga.

Jumamosi, 8 Juni
Mkuu anataka vichomeo vingine kumi vitiwe kishikio kama hicho. Nimempigia shemeji mara nne. Hapokei. Mke wangu naye kaninunia. Nimewaza sana, na nimeona ni wivu. Watu hawapendi kuona ndugu yao akitajwa.