Firigisi ya Baba

Alhamisi, 5 Desemba 1974

Baba anakuja leo kutoka Tura, kwenye kazi yake ya reli! Ana ruhusa ya siku mbili tu. Bibi Mwanamkuu kachinjisha kuku. Firigisi kaiweka kando, maana ni ya mwanamume mwenye nyumba. Treni haikuja. Tukala. Firigisi ikabaki kibakulini, imefunikwa kawa. Joto kali. Roho yangu juu.

Ijumaa, 6 Desemba

Treni bado. Firigisi bado. Bibi hataki kuipasha moto, eti itakauka, na mwanawe anaipenda laini.

Mwalimu Dionis alitufundisha: kuna kijidudu, salmonela, kinapenda kuku. Kinapenya ukuta wa utumbo, kinatia sumu. Hakuna anayekifunza ubaya huo. Kimeurithi katika jeni zake, kama mimi nilivyorithi masikio ya Baba.

Nikajikaza, nikamweleza Bibi. Sauti ilitoka ndogo. Akauliza kama hao wadudu nimewaona. Nikasema hapana. Akasema basi na wao hawajatuona.

Mpango wa pili: paka wa Mama Sikuzani, jirani. Bibi alipoingia kuswali adhuhuri, nikampelekea firigisi. Paka akanusa, akaondoka. Paka! Mara Bibi huyo, anatoka. Sina pa kuificha. Nikaitia mdomoni. Nikameza.

Mama Sikuzani alichungulia juu ya ua, akaona yote. Akapiga kelele: mwari anakula firigisi, nani atamwoa huyo? Mtaa wetu mzima wa Chemchem umesikia. Bibi akachukua kibakuli kitupu, akaenda kukiosha. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumamosi, 7 Desemba

Choo. Choo. Choo tena. Jeni zile zina bidii kuliko kijiji kizima cha ujamaa!

Bibi ananinywesha maji ya uji kwa kijiko. Ananiita mke mwenzake, utani wa bibi na mjukuu, ananiambia nisimwachie mume peke yake.

Baba kafika mchana. Kaulizia firigisi yake. Nikalia. Nikamwambia yote: kijidudu, sumu, paka. Nilisema niliogopa angeumwa siku zake mbili zote. Baba akanishika sikio, taratibu, kama nilipokuwa mdogo. Akasema tumbo lake limezoea vyakula vya stesheni, ningemwachia. Bibi akageukia ukutani, akajifuta macho kwa kanga.

Jumatatu, 9 Desemba

Nimepona. Baba kaondoka asubuhi. Kaahidi kupita tena Alhamisi.

Mchana Bibi kachinjisha jogoo, kunirudishia nguvu. Firigisi kanipa mimi! Tena mbele ya Mama Sikuzani. Akasema mke mwenzake kaila ya kuumwa, sasa aile ya kupona. Mama Sikuzani akamwita paka wake, akarudi kwake.

Tamu sana. Nimekula nusu tu, ya pili nimemwekea Baba. Nimeifunga kwenye karatasi, nimeificha sandukuni, chini ya sare zangu za shule. Hapo hata paka hafiki.

Alhamisi Baba atafurahi!